Tochi Inayouma Kidogo

Mimi nina mdomo, wala sifichi. Pale chumba cha kufulia cha hospitali wananiita Spika, na anayetaka kujua sababu anipite kwenye foleni ya chai aone. Dada yangu tulizaliwa tumbo moja lakini yeye sijui sauti yake aliiacha wapi. Miaka ishirini na sita tumefanya kazi chumba kimoja, mimi kwenye mashine ya pasi, yeye kwenye meza ya kukunja, na sijawahi kumsikia akipaza sauti, hata siku ile toroli la mashuka mabichi lilipompanda kidole cha mguu. Alisema "aa" tu, kama mtu aliyekumbuka kitu.

Kukunja mashuka watu wanaona ni kazi ya kitoto. Haya, jaribuni. Shuka la hospitali lina muhuri, na muhuri unatakiwa ukae miguuni kwa mgonjwa, siyo puani. Likikunjwa ovyo, muuguzi akilikung'uta linamfungukia upande usio wake, basi hapo ni matusi mpaka huku chini tunayasikia. Dada alikuwa na mtindo wake. Aliingiza kona moja ndani kidogo, kama mtu anayefunga bahasha, na shuka hilo ungeweza kulirusha kutoka hapa mpaka mlangoni lisifunguke. Wodi zote walimjua kwa kona hiyo, wakamwita Mama Kona. Alikuwa akiona aibu kuitwa hivyo, lakini nilimjua, alifurahi.

Mtoto alikuwa naye mmoja tu. Baba wa mtoto aliaga anakwenda kutafuta kazi, na nadhani mpaka leo anaitafuta. Kijana akakua mikononi mwetu wawili, yeye mama, mimi mama mdogo, na tangu darasa la nne akawa anafungua kila kitu chenye skrubu. Akafungua redio yangu, nikamchapa, akaifunga, ikaimba vizuri kuliko ilivyonunuliwa. Sote tukamwita Fundi. Alipomaliza shule akaweka meza yake mbele ya duka la vifaa vya shule, akawa anatengeneza redio na simu. Akifanya kazi alitoa ncha ya ulimi pembeni ya mdomo, na ukimsemesha hakusikii. Dada akitoka kazini alikuwa anazunguka njia ya mbali makusudi, apite pale amwone ameinama.

Akiwa na miaka ishirini na minne akaanza kufungua redio za wateja ambazo hazikuharibika. Alisema kuna watu humo ndani wanamsema. Siku ya kwanza nilicheka. Nasema ukweli, nilicheka mpaka nikashika mbavu, nikamwambia, "Fundi, ukiwapata watu hao waambie na mimi nina neno langu." Kicheko kile sijakisamehe mpaka leo.

Sitaki kueleza yote. Kuna sindano ya kila mwezi pale kliniki. Akichomwa, anakuwa mzito, anasinzia, mate yanamtoka, lakini ni mtoto wetu, ukimwambia kula anakula. Tatizo sindano yenyewe leo ipo, kesho "rudini wiki ijayo." Wiki ijayo ukirudi, unaambiwa wiki ijayo. Na bila sindano watu wanatoka kwenye redio, wanahamia ukutani, wanahamia kwa mama yake. Wodi yao ya wagonjwa wa akili ilimpokea mara mbili. Kila mara wiki mbili, kisha kitanda kinahitajika, mchukueni.

Mara ya kwanza alimvunja mama yake ubavu. Dada akaja kazini ameinama upande, akasema ameteleza kwenye ngazi. Nyumba yake haina ngazi hata moja! Vyumba viwili, sakafu ya saruji, ukumbi mwembamba wenye giza hata saa sita mchana, mlango wa mbele, mlango wa nyuma, basi. Nikamwambia mbele ya watu wote, "Ngazi hizo zimejengwa jana usiku?" Akaendelea kukunja.

Nikampeleka dada mpaka kituo cha polisi. Askari wa zamu akaniuliza, "Ameua?" Nikasema bado. Akasema basi hilo ni la kifamilia, mkazungumze. Tukampigia kaka yetu mkubwa anayeishi mbali. Kaka ni mtu wa maneno machache na msaada mchache zaidi. Akasema, "Mfungieni nje."

Dada akaniomba simu, akauliza taratibu, "Nje wapi, kaka?"

Kaka akasema mtandao haushiki vizuri.

Sasa wazo la tochi nililileta mimi. Na niliseme wazi hapa, nililileta mimi, mtu asije akamtupia mwingine. Mlinzi wetu wa geti alikuwa nayo, tochi ya shoti, mbele inamulika, na ukibonyeza kitufe cha pili inatoa cheche za umeme zinazomwangusha mtu bila kumuua. Nikamwambia dada: humfukuzi, sawa. Humpeleki popote, sawa. Basi angalau akikurukia uwe na kitu mkononi, upate dakika moja ya kufungua mlango na kukimbia. Wewe ukifa nani atampeleka kliniki? Hilo la mwisho ndilo lililomwingia. Kufa mwenyewe hakujali, kliniki ndiyo alijali.

Tukaenda Jumamosi, duka la taa na vifaa vya umeme. Muuzaji ni mzee mwembamba, miwani imefungwa kamba shingoni, mtu wa maelezo. Akatupangia mezani. Ya kwanza ndefu kama mwiko wa kusongea, kichwa chake cha chuma. "Hii ni mashine," akasema. "Hata awe amevaa koti, inapenya. Tochi inafika mwisho wa mtaa, na ina king'ora." Ya pili ya wastani, ya kushika vizuri, ina taa, king'ora na shoti, inachajiwa kwa waya wa simu. Ya tatu ndogo kama rangi ya mdomo. Akasema hiyo ni ya wasichana wa ofisini, akacheka peke yake.

Dada akaziangalia. Akauliza, "Ipi inauma kidogo?"

Mzee akavua miwani. "Mama, miaka yote niko hapa, watu wanakuja kuuliza ipi inauma sana."

"Mimi nataka inayouma kidogo."

"Ikiuma kidogo mwizi atakunyang'anya akupige nayo."

"Siyo mwizi," dada akasema. Kisha akauliza, "Na mtu anayechomwa sindano za hospitali, itamdhuru moyo?"

Mzee akanitazama mimi, nami nikajifanya nasoma bei za feni. Akauliza kwa sauti ya chini, "Ni nani, mama?"

"Mwanangu."

Akarudisha ile ndefu kwenye boksi bila kuambiwa. Akaanza kueleza ile ya wastani polepole, kama mtu anayemfundisha mtoto kufunga kamba za viatu: hapa swichi ya usalama, isukume kwanza, hapa taa, hapa shoti, usiguse kichwa, usiguse shingo, paja au mkono panatosha, sekunde moja, achia, kimbia. Na taa isitumiwe sana, kwa sababu taa na shoti zinakula betri moja. Dada akaipokea. Kabla hatujajua anafanya nini, akasukuma swichi, akaiweka kwenye paja lake mwenyewe juu ya gauni, akabonyeza.

Alikaa chini juu ya maboksi ya feni. Nilipiga yowe wateja wakakimbilia mlangoni. Mimi namtukana mzee, mzee ananiomba radhi kwa kosa ambalo si lake, na dada amekaa pale macho yamemtoka, anapumua kwa mdomo.

"Inauma," akasema baadaye. "Lakini haichomi nguo. Anaweza kuvumilia." Akalipapasa gauni, akasimama. "Hii."

Jumatatu nikampeleka nyuma ya mashine za kukaushia, kwenye marobota ya mashuka machafu, nikamwambia fanya mazoezi. Nikalisimamisha robota moja, nikalipa hata jina la kaka yetu ili apate hasira. Akalikaribia. Akasukuma swichi. Akasema, "Samahani, mwanangu," halafu ndipo akabonyeza.

"Ukianza kuomba radhi atakuwa ameshakumaliza!" nikamwambia. Wenzetu wa mashine ya kufulia wakavunjika mbavu kwa kucheka, na yeye mwenyewe akacheka, amefunika mdomo kwa mkono. Tulirudia wiki nzima. Kila mara samahani inatangulia, lakini ilikuwa inafupika. Ijumaa ilikuwa imebaki "saa—", na nikaridhika, nikasema tumefika.

Miezi miwili ikapita vizuri. Sindano ilipatikana miezi yote miwili, tukaanza kujisahau. Tochi alitembea nayo kwenye mfuko wa sare, akirudi nyumbani anaiweka kitandani, chini ya mto wake. Akamulikia ukumbi ule wenye giza, na hilo nilimgombeza, maana mzee alishasema taa inakula betri. Akasema haoni vizuri siku hizi.

Kisha tundu la chaji likalegea. Ukichomeka waya haushiki. Nikasema Jumamosi nitakuja tuirudishe dukani.

Jumamosi nikafika kama saa tisa alasiri. Mlango wa mbele wazi, dirisha wazi, jua limeingia mpaka mezani. Fundi amekaa. Amenyoa ndevu. Mbele yake amepanga skrubu kwenye kifuniko cha chupa, kubwa huku ndogo huku, na ile tochi imefunguliwa matumbo yote nje. Moshi mwembamba wa kulehemu unapanda. Ncha ya ulimi iko pembeni ya mdomo.

Nilisimama pale mlangoni. Miaka mitatu sikuwa nimeuona ulimi ule.

"Shikamoo, mama mdogo," akasema bila kuinua kichwa. "Wewe unaziba mwanga."

"Marahaba, mwanangu," nikasema, nikasogea.

Dada alikuwa kwenye kigoda nyuma yake, mikono mapajani, hafanyi kitu chochote. Dada yangu huyu ambaye hata akiongea na wewe anakunja taulo. Alikuwa anamtazama tu kijana. Fundi akafunga skrubu ya mwisho, akabonyeza, taa ikawaka kali juu ya ukuta. Akampa mama yake kwa mikono miwili. "Sasa itakaa na chaji siku nne, tano. Nimeshaitengeneza vizuri." Dada akaipokea kama mtu anayepokea cheti.

Alipotoka kwenda kunawa mikono nikamnong'oneza dada, "Na ile kazi nyingine? Umeijaribu?"

"Iko sawa," akasema.

"Umeijaribu?"

"Nimesema iko sawa, wewe." Na akacheka. Nikamwacha. Ningempora siku ile na maswali yangu? Nilikula nao, Fundi akaniuliza habari za redio yangu, nikarudi kwangu naimba njiani kama mlevi.

Mwezi uliofuata sindano haikuwepo. Wiki ijayo. Halafu wiki ijayo. Nikamwambia dada aje alale kwangu. Akasema, "Na yeye?" Nikasema basi aje naye, nikiwa namwomba Mungu asikubali, na alinisoma usoni, hakukubali. Hilo nalo liandikeni upande wangu.

Ilikuwa Jumanne. Saa moja na nusu asubuhi dada hajafika. Dada ambaye hajawahi kuchelewa tangu aajiriwe. Nikajiambia mvua, ingawa mvua haikuwepo. Saa tatu likashuka robota la nguo chafu kutoka chumba cha dharura, tukalifungua kuchambua kama kawaida, mashuka huku, za damu huku. Ndani yake kulikuwa na sare ya kwetu, ya bluu, imekatwa kwa mkasi kuanzia shingoni mpaka chini, wanavyomkatia mtu ambaye hawezi kuinuliwa mikono. Kifuani imeshonwa namba kumi na nne. Mimi ni kumi na tano.

Sikumbuki ngazi nilizipandaje. Wenzangu wanasema nilikuwa nimeibeba ile sare, na nikimpita kila mtu nilikuwa namwonyesha.

Taya limevunjika mara mbili, wakalifunga kwa waya. Mkono wa kulia, ule wa kona, umepondwa, na daktari aliniambia waziwazi vidole vitatu havitakunja tena kitu. Jirani yake, mama mmoja mshonaji, ndiye aliyepiga kelele watu wakaja. Akanisimulia tukiwa kwenye benchi la nje ya wodi. Walitoka mbio kupitia mlango wa mbele, mama mbele, kijana nyuma na fimbo ya pazia, ile ya chuma. Dada akageuka. "Akamnyooshea tochi," jirani akasema. "Inawaka. Jua lote lile, anammulika kifuani. Nikashangaa, tochi ya nini asubuhi? Alikuwa hata hakimbii. Amesimama anammulika."

Fundi walimchukua wale wale askari wa mambo ya kifamilia. Mara ya kwanza nilipokwenda waliniambia amehamishwa. Mara ya pili waliniambia amehamishwa wapi, na mara ya tatu nilipofika huko niliambiwa hawana mtu wa namna hiyo.

Hasira ilibidi iende mahali. Nilichukua ile tochi, jirani alikuwa ameiokota, nikaenda kwa yule mzee wa duka roho juu. Nilianza kumtukana kabla sijafika mlangoni. Nikamwambia umetuuzia takataka, dada yangu amebonyeza haikutoa hata cheche, umemuua mtu, mzee mzima na miwani yako! Wateja wakasimama. Mzee akanyoosha mkono. Akaichukua, akasukuma swichi, akabonyeza kitufe cha pili. Kimya. Akabonyeza tena. Akaleta bisibisi, akaifungua chini ya taa yake ya mezani.

Alikaa nayo muda mrefu. Akavaa miwani, akaileta karibu na pua.

"Nani ameifungua hii?"

"Kwa nini?"

"Sehemu ya shoti haimo. Koili yake imetolewa yote, na waya zimefungwa ncha moja moja ili zisigusane." Akanigeuzia nione, kana kwamba najua. "Na tundu la chaji limelehemiwa upya. Tazama hii nukta. Tazama ilivyo safi. Mimi vijana wangu wanamwaga risasi ya kulehemu kama uji." Akatikisa kichwa. "Huyu ni fundi kwelikweli. Yuko wapi? Mwambie aje. Nina meza pale dirishani haina mtu, nampa leo leo."

Nilitaka kumjibu. Mimi, Spika. Nikachukua tochi yangu vipande vipande, nikatoka.

Jioni nikapanda wodini. Dada alikuwa amelala juu ya shuka ambalo mtu mwingine alilikunja, muhuri uko kifuani kwake, na kwa mkono wa kushoto alikuwa anahangaika kuusukuma ushuke miguuni. Nikamgeuzia shuka. Kisha nikakaa, nikamwambia yote, koili, waya, nukta. Nikamwuliza, "Ulijua?"

Hawezi kuongea na lile taya. Kuna daftari na kalamu. Aliandika kwa mkono wa kushoto, herufi zinaparamiana, nikasubiri mpaka nikachoka kusubiri.

"Aliniambia siku ile. Mama humu kuna kitu kinaweza kukuumiza. Nimekitoa."

Nikamfokea. Mgonjwa wa kitanda cha pili akageuka ukutani. Nikamwambia ungeniambia, ungenunua nyingine, ungeirudisha, dada, ungefanya chochote, wewe ni mtu gani? Akanitazama tu kwa macho yale yaliyovimba, mpaka nikaanza kulia, na yeye ndiye akawa ananipapasa mkono.

Nilipotulia nikamwambia na lile neno la mzee, maana sikuwa na kitu kingine cha kumpa. Nikamwambia mzee amesema kazi ni safi. Amesema huyu ni fundi kwelikweli. Amesema ana meza dirishani.

Dada akajaribu kucheka na zile waya mdomoni, machozi yakamtoka kwa maumivu. Akavuta daftari. Safari hii aliandika haraka.

"Muulize meza ataiweka mpaka lini."

Nikamwambia nimeshamuuliza, na ataiweka.